Kilo 725: kisa cha Lotus Elise ya kwanza

Septemba 1995, kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt nchini Ujerumani, kitambaa kilivutwa kutoka juu ya gari dogo la viti viwili, na ndani yake alikuwa ameketi mtoto mdogo wa kike. Jina lake Elisa, mjukuu wa Romano Artioli, Mwitalia aliyekuwa na kampuni mbili za magari mkononi kwa wakati mmoja, Bugatti na Lotus. Gari lilichukua jina la mtoto, likaitwa Elise. Mwezi huohuo Bugatti ya Artioli ilifilisika. Gari hili lilizaliwa nyumba ikiungua.

Nimelichagua kwa sababu ukisoma vipimo vyake huoni cha kukushtua. Injini ni ya lita 1.8 yenye nguvu za farasi 120, ya ukoo uleule uliofungwa kwenye magari ya kawaida ya Rover. Usukani wa pawa hakuna, ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki) hakuna, zulia hakuna. Madirisha unapandisha kwa mkono. Wipa ni moja. Hata hivyo, kwa robo karne iliyofuata, kila aliyetengeneza gari jepesi la spoti alijikuta akipimwa kwa kipimo cha Elise, na wengi walipungukiwa.

Maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba Lotus waliondoa kila kisichohitajika, basi gari likawa jepesi na zuri. Mimi naona maelezo hayo yanaishia njiani. Kuondoa ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Fundi yeyote mwenye spana anaweza kung'oa viti vya nyuma na redio. Kazi ngumu ni kukifanya kila kipande kilichobaki kibebe shughuli mbili, tatu, hata nne, mpaka kusiwe na cha kuongeza. Elise ya kwanza ndiyo mfano bora ninaoujua wa kazi hiyo, na umbo lake, lile linalowavuta watu hadi leo, linatokana na hapo.

Lotus ilikuwa imeonja mafanikio ya wepesi tangu zamani. Mwanzilishi wake, mhandisi Mwingereza Colin Chapman, aliitoa Seven mwaka 1957, gari ambalo kwa kweli lilikuwa fremu ya bomba za chuma iliyovishwa bati la alumini. Mwaka 1962 ikaja Elan, yenye uti wa mgongo wa bati la chuma katikati, bodi ya faibaglasi juu yake, na uzito usiofika kilo 700. Chapman alifariki mwaka 1982. General Motors waliinunua kampuni mwaka 1986, na mwaka 1989 wakatoa Elan mpya iliyoendeshwa na magurudumu ya mbele, ikiwa na injini ya Isuzu na uzito wa takriban tani moja. Ilishika barabara vizuri sana. Lakini mwaka uleule Mazda walitoa MX-5, gari lililofuata nyayo za ile Elan ya 1962, la magurudumu ya nyuma, rahisi kutunza na la bei ya chini zaidi. Wanunuzi wakaenda huko. Utengenezaji wa Elan ulisimama mwaka 1992, na mwaka 1993 General Motors wakamuuzia Artioli kampuni nzima.

Kwa hiyo wahandisi wa kiwanda cha Hethel, katika jimbo la Norfolk, walipoanza mradi walioupa namba M111, hawakuwa na fedha za kubuni injini wala giaboksi. Timu ilikuwa ndogo. Tony Shute aliongoza mradi, Richard Rackham akashika chasi, yaani fremu inayobeba gari lote, Julian Thomson akashika umbo. Injini ilibidi inunuliwe, na haikuwa na nguvu nyingi. Kama gari lilitakiwa kukimbia, njia iliyobaki ilikuwa uzito peke yake.

Rackham na wenzake walifanya kazi na Hydro Aluminium, ambao kiwanda chao cha Tønder nchini Denmark kilikuwa na ujuzi wa kukamua alumini. Kukamua ni hivi: kinu kinaisukuma alumini iliyopashwa moto kupitia tundu lenye umbo unalolitaka, nayo hutoka upande wa pili ikiwa na umbo hilo, kama dawa ya meno inavyotoka kwenye tyubu. Ukitaka boriti yenye vyumba ndani, pembe hapa na mdomo wa kuchomeka kipande kingine pale, unachonga tundu lako mara moja, kisha unakata boriti kwa urefu unaoutaka. Kutengeneza tundu hilo ni nafuu mno ukilinganisha na kalibu za kupigia bati za viwanda vikubwa. Kampuni maskini ingeweza kulilipia.

Tatizo ni namna ya kuunganisha boriti hizo. Njia ya kawaida ni kuchomelea, na Lotus waliikataa kwa sababu ya kitaalamu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo moyo wa kisa hiki. Alumini ya aina hii hupata ugumu wake kwa kupashwa moto kwa utaratibu maalumu. Ukiichomelea, joto la kuchomelea linaupoteza ugumu huo palepale penye kiungo, mahali ambapo mzigo ni mkubwa kuliko kwingine. Kufidia udhaifu huo inabidi boriti iwe nene kuanzia mwanzo hadi mwisho, ijapokuwa udhaifu uko kwenye sentimita chache tu. Unabeba kilo nyingi kwa ajili ya mishono.

Wao walitumia gundi. Gundi ya epoksi ilipakwa kwenye viungo, skrubu maalumu zikapigwa, kisha chasi nzima ikaingizwa kwenye tanuri ili gundi ikauke na kukaza. Gundi ina nguvu sana pale vipande viwili vinapovutwa kuteleza kimoja juu ya kingine, ila ni dhaifu kinapotaka kubanduka kuanzia pembeni, kama stempu kwenye bahasha. Skrubu zipo kwa ajili ya pembeni hapo. Mzigo ukasambaa kwenye eneo pana badala ya kubanwa kwenye mstari wa kuchomelea, na kuta za boriti zikaweza kuwa nyembamba. Chasi iliyokamilika ilikuwa na uzito wa kilo 68. Mtu mzima wa kawaida ana uzito unaokaribia huo, na chasi hiyo ilikuwa ngumu kuipinda kuliko fremu nyingi za magari ya wazi ya wakati ule.

Sasa tazama boriti ndefu ya pembeni, ile unayoiruka unapoingia. Ni uti wa gari. Ni ukuta unaomlinda abiria ubavuni. Ni mahali unapoegemeza mkono unapopanda. Na kwa kuwa haikufunikwa kwa plastiki wala ngozi, ni pambo la ndani pia: alumini tupu, na mistari ya kukamuliwa ikionekana. Boriti moja, shughuli nne. Dashibodi nayo ni kipande cha alumini kilichokamuliwa. Pedali nazo zilikamuliwa na kukatwa kama vipande kutoka kwenye boriti ndefu. Ukichungulia pale chini unaona uwazi wa ndani ya kila pedali. Hakuna aliyeketi kuzichonga zipendeze. Zilipendeza kwa sababu nguvu inayopita ndani yake inaonekana kwa macho.

Wepesi una tabia ya kuzaa wepesi mwingine, na hapa hesabu husaidia kuliko sifa. Elise ya kwanza ilikuwa na kilo takriban 725. Porsche Boxster, iliyoingia sokoni mwaka 1996, ilikuwa na kilo 1,250 na nguvu za farasi 204. Gawanya: Elise inapata kama farasi 166 kwa kila tani, Boxster kama 163. Yaani kwa nguvu dhidi ya uzito magari haya yako sawasawa, ingawa moja lina injini ya silinda sita ya lita 2.5 na jingine lina ya silinda nne iliyokopwa.

Usawa huo unaishia kwenye mstari ulionyooka. Ikifika kona ya kwanza, kila kitu kinabadilika. Kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, Elise ina kilojuli 280 za nishati ambazo breki zinapaswa kuzigeuza joto. Boxster ina kilojuli 480 na zaidi. Breki za Elise kwa hiyo zinaweza kuwa ndogo. Breki zikiwa ndogo, magurudumu yanaweza kuwa madogo: inchi 15 mbele, inchi 16 nyuma, na matairi yenye upana wa milimita 185 na 205 tu. Magurudumu yakiwa mepesi, springi na shokapu zina kazi ndogo ya kuyazuia yasirukeruke kwenye mashimo, basi springi zinaweza kulainishwa. Na chasi ikiwa ngumu, springi laini hazileti ulegevu. Ndiyo maana watu wanaoipanda Elise kwa mara ya kwanza, wakitegemea kupigwapigwa mgongo kama kwenye gari la mashindano, hushangaa jinsi inavyoelea juu ya barabara mbovu.

Kuna jambo jingine kuhusu matairi ambalo halizungumzwi vya kutosha. Ukilibebesha tairi mzigo maradufu, mshiko wake hauongezeki maradufu. Unaongezeka pungufu ya hapo. Kila kilo unayoongeza inapata mshiko mdogo kuliko kilo iliyotangulia. Gari zito linaweza kuvishwa matairi mapana kadiri utakavyo na bado likawa linalipa deni hilo kwenye kila kona. Gari jepesi halidaiwi.

Halafu usukani. Injini ya Elise imekaa katikati, nyuma ya viti, kwa hiyo magurudumu ya mbele yanabeba chini ya kilo 300 kwa pamoja. Mkono wa mtu unatosha kuyageuza. Pampu haihitajiki, mkanda wa kuizungusha hauhitajiki, wala nguvu ya injini ya kuuzungusha mkanda. Lakini faida ya uzito hapa ni ndogo kuliko faida ya mawasiliano: kati ya vidole vyako na lami hakuna kitu kinachokalimani. Tairi likianza kupoteza mshiko, usukani unalegea kidogo mkononi kabla jicho halijaona lolote. Kwangu mimi mvuto wa gari la aina hii uko hapo kwanza, na kasi inafuata mbali nyuma. Mwendo wa kawaida kabisa, ule usiovunja sheria yoyote, unatosha kukupa habari zote hizo, ilhali magari mengi yenye nguvu kubwa huanza kuzungumza nawe ukiwa tayari kwenye mwendo wa hatari.

Sasa umbo. Julian Thomson alikuwa na uhuru ambao wabunifu wengi hawaupati. Kwenye gari la kawaida bodi ndiyo inayobeba mzigo, hivyo kila mkunjo wa bati unajadiliwa na mhandisi wa nguvu. Bodi ya Elise haibebi kitu. Ni ganda la faibaglasi lililovishwa juu ya chasi. Sehemu yote ya mbele, kuanzia bampa hadi chini ya kioo, mabawa na yote, ni ganda moja. Na sehemu yote ya nyuma ni jingine. Kwa kuwa hakuna mishono ya kukatiza, mwanga unateleza kutoka taa hadi mlangoni bila kujikwaa. Umbo linaonekana kama jiwe la mtoni lililosuguliwa na maji, na kinachotoa hisia hiyo ni uchache wa mistari ya viungo.

Upana wa mabega juu ya magurudumu si mapambo. Gari lina urefu wa mita 3.73, na kati ya ekseli na ekseli ni mita 2.3. Ndani ya nafasi hiyo unapanga watu wawili, injini iliyolazwa kwa upana na tangi la mafuta. Hakuna pa kujificha. Gurudumu likihitaji nafasi, bodi inavimba. Mdomo wa chini mbele unaleta hewa kwenye rejeta, na matundu mawili juu ya boneti ndipo hewa ya moto inapotokea. Masikio ya nyuma ya milango yanaivutia injini hewa. Taa nne za mviringo nyuma. Ukiziba tundu lolote kati ya hayo kwa ajili ya urembo, kuna kitu kitakosa pumzi.

Ipo hila moja ya macho ninayotaka kuikazia, kwa sababu wabunifu wa leo wanaihangaikia kwa gharama kubwa. Gari la spoti linapendeza magurudumu yanapoonekana makubwa kuliko bodi. Leo hilo linatafutwa kwa magurudumu ya inchi 19, 20 na kuendelea, na kila inchi inaongeza uzito, inataka breki kubwa zaidi ili uwazi ule usionekane mtupu, na inataka bodi kubwa zaidi ya kuyameza. Elise inapata uwiano uleule kwa gurudumu la inchi 15. Bodi ni ndogo, basi gurudumu dogo linaijaza. Uwiano huo ulikuja bila kuongezwa gramu moja.

Nje ni mviringo, ndani ni mistari. Utofauti huu nimeusikia ukielezwa kama chaguo la kisanii, nami naona una mzizi rahisi zaidi: alumini iliyokamuliwa hutoka imenyooka, na faibaglasi hufuata mkunjo wowote wa kalibu yake. Kila malighafi iliachwa iwe na sura yake. Ukifungua mlango unatoka kwenye ulaini na kuingia kwenye karakana safi, na mshtuko huo mdogo hauchoshi hata ukiurudia miaka.

Kama kuna anayedhani kwamba siri ilikuwa kujinyima tu, amtazame jirani wa Elise wa wakati uleule. Renault Sport Spider ilitoka mwaka 1996, ikitengenezwa kwenye kiwanda cha Alpine mjini Dieppe, Ufaransa. Nayo ilikuwa na chasi ya alumini, nayo ilikuwa na injini katikati, lita 2.0 na farasi 150. Kwa kujinyima iliishinda Elise mbali: haikuwa na paa, haikuwa na hita, na toleo la msingi halikuwa hata na kioo cha mbele, bali kizuizi cha kuupeleka upepo juu ya kichwa cha dereva. Uzito wake ulikuwa kilo 930. Gari lisilo na kioo lilikuwa zito kuliko lenye kioo, paa na hita kwa kilo 200. Chasi yake ilichomelewa. Sisemi uchomeleaji peke yake ndio uliobeba tofauti yote, kwa maana bodi na kila kilichofungwa juu yake vina sehemu yao, lakini linganisha mikakati: Renault walikata starehe za dereva, Lotus walikata unene wa kuta ambazo dereva hazioni. Spider naipenda, ina ujasiri. Ila ujasiri huo uliwekwa mahali pasipo na kilo nyingi.

Gharama za uamuzi wa Lotus zilikuwepo, na mnunuzi ndiye aliyezilipa.

Ile boriti ya pembeni niliyoisifu ilikuwa ndefu kwenda juu, kwa kuwa ugumu wa chasi ulitegemea kimo chake. Kuingia, paa likiwa limefungwa, ni kazi ya mwili mzima: makalio kwanza, mguu mmoja, kisha unautafuta wa pili. Mtu mwenye maumivu ya goti au mgongo hawezi kulitumia gari hili kila siku, na hilo ni kasoro ya kweli. Paa la kitambaa lilijulikana kwa kuvujisha mvua. Yale maganda makubwa yasiyo na mishono yalimaanisha kwamba kugongwa kidogo kwenye kona ya bampa kunaweza kuwa ufa kwenye kipande kinachofika hadi kwenye kioo, na chasi iliyogundishwa hainyooshwi kwa nyundo na mvuto kama fremu ya chuma. Ikipinda vibaya, inabadilishwa.

Breki za matoleo ya mwanzo zilikuwa na diski za alumini iliyochanganywa na chembe za kauri. Zilikuwa nyepesi mno na zilidumu. Baadaye upatikanaji wake ulikatika na Lotus wakarudi kwenye diski za chuma cha kuyeyushwa, wakabeba uzito zaidi palepale ambapo uzito huumiza kuliko kwingine, kwenye gurudumu.

Na injini. K-series ya Rover ilikuwa na falsafa ya Lotus hata kabla ya kukutana nao: alumini, na boliti ndefu zinazopita kutoka juu ya silinda hedi (kifuniko cha juu ya silinda) hadi chini kabisa, zikiibana injini yote kwa pamoja badala ya kila sehemu kuwa na boliti zake. Tena kipande kimoja, kazi nyingi. Lakini ilikuwa na maji machache ya kupoza, na kwenye Elise rejeta iko mbele na injini iko nyuma, kwa hiyo maji yana safari ndefu. Thermostati, yaani vali inayofunguka kwa joto ili maji yapite, ikifunguka, maji baridi yaliyokuwa yakingoja kwenye bomba yanaingia ghafla kwenye injini ya moto. Kutanuka na kusinyaa huko ndiko kunakolaumiwa kwa gasketi za silinda hedi kuungua, ugonjwa unaojulikana na kila anayezishughulikia injini hizi. Somo lake kwa fundi ni kwamba mfumo mwepesi hauna akiba. Injini nzito yenye maji mengi ingesamehe uzembe, hii haisamehi. Anayekagua maji kila wiki anaishi nayo miaka mingi.

Nikipima yote, naona walichagua sawa karibu kila mahali, isipokuwa kimo cha boriti. Hapo naamini walikazana kupita kiasi, na Lotus wenyewe walionyesha kuafiki: Elise ya awamu ya pili, iliyoonyeshwa mwaka 2000, ilikuja na kizingiti kilichoshushwa na mlango mpana zaidi.

Awamu hiyo ya pili ilisukumwa pia na kanuni mpya za usalama za Ulaya, na fedha za kuitengeneza zilipatikana kwa njia ambayo haingetabirika mwaka 1993: General Motors, walewale waliouza kampuni, walirudi kuomba Lotus wawatengenezee gari juu ya chasi ya namna hiyohiyo, likauzwa kwa majina ya Opel Speedster na Vauxhall VX220. Kampuni yenyewe ilikuwa imeshapita mikononi mwa Proton wa Malaysia tangu 1996.

Kisha ikaja ile safari inayoyapata magari yote. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 2004 injini ya Toyota iliingia ili gari liweze kuuzwa Marekani, pamoja na mifuko ya hewa na ABS. Kiyoyozi kikawa cha kawaida kwa wengi. Viti vikanenepa, insuleta ya sauti ikaongezwa. Hakuna hata kimoja ninachoweza kukiita kosa. Mfuko wa hewa unaokoa uhai na sitamshauri mtu aukatae. Lakini toleo la mwisho, Sport 240 ya mwaka 2021, lilikuwa na kilo 922 kabla ya kununua vipuri vyepesi vya ziada. Kwa miaka 25 gari liliongezeka karibu kilo 200, na bado lilikuwa miongoni mwa magari mepesi kabisa uliyoweza kuyanunua mapya. Hilo linakueleza magari mengine yalikuwa yamefika wapi.

Kwa kupima kama mvuto uko kwenye umbo au kwenye uzito, historia ilitufanyia jaribio lenyewe. Tesla Roadster ya 2008 ilijengwa kwa msingi wa Elise na sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika Hethel. Sura ni ya ndugu. Mtu asiye mpenzi wa magari anaweza kuyachanganya. Lakini betri yake peke yake ilikuwa na kilo 450, zaidi ya nusu ya Elise ya kwanza nzima. Ilikimbia kwenye mstari ulionyooka kwa namna ambayo Elise ya 1996 isingeiota, na ilibadilisha mawazo ya ulimwengu kuhusu gari la umeme, heshima ninayoitoa bila kusita. Mnyororo ule, hata hivyo, wa breki ndogo, tairi jembamba, springi laini na usukani unaonong'ona, ulikuwa umekatika kwenye kiungo chake cha kwanza. Umbo lilibaki likisimulia wepesi ambao haukuwemo tena ndani.

Ndiyo maana nikiulizwa ni Elise ipi ya kuitazama ili kuelewa kisa hiki, naelekeza kwenye ile ya 1996 hadi 2000, tena yenye sakafu tupu. Fungua mlango, inama, tazama mahali boriti ya pembeni inapokutana na ukuta wa mbele. Utaona mstari mwembamba wa gundi iliyobubujika kidogo ilipokuwa ikikaushwa. Pale pamebeba gari lote.

Utengenezaji ulisimama mwishoni mwa 2021, baada ya Elise 35,124. Mojawapo ya magari ya mwisho, la rangi ya dhahabu, lilikabidhiwa kwa Elisa Artioli, yule aliyekuwa ameketi ndani ya la kwanza kitambaa kilipovutwa Frankfurt.